Distro Gani, Msee? Cheki Kalenda Kwanza

Kuna swali moja linaweza vunja base kuliko Gor na Ingwe: "Mi niweke Linux gani?" Msee wa Ubuntu anaanza kubonga, wa Mint anamkatiza, alafu kwa kona kuna chali wa hudi nyeusi, hajaulizwa kitu, lakini lazima mjue yeye hutumianga Arch. Mwenye aliuliza anarudi keja na Windows 10 yake ya magendo vile alikuja nayo. Kitu ameshika ni moja tu, ati hao wasee huchukianga.

Kitambo hii ilikuanga stori ya wasee wa komputa chuoni. Tangu 14 Oktoba 2025 imekua ya kila mtu, ju hio siku Microsoft walisare kuletea Windows 10 apdeti za usalama. Kuna mpango wa kuongezewa hadi Oktoba 2026 ukijisajili, lakini hio ni kusongesha siku ya kulia. Windows 11 nayo inataka chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kuenda juu. Sasa shuka Luthuli ama Moi Avenue ucheki zile ex-UK zimepangwa kwa glasi: ThinkPad X230 ya 2012, T440 ya 2013, EliteBook 840 G3. Kibodi safi, SSD unabadilisha, RAM unaongeza, na zote Windows 11 imezifungia gate. Muuzaji atakushow, "Hio tunakuwekea Eleven saa hii, usijam." Anaweza, kuna vichochoro vya kuiingiza. Kenye hatakuambia ni Microsoft hawajaahidi mashine imeingia hivo apdeti zozote. Na ile activator anatumia kuamsha Windows, hakuna mtu anajua ndani yake kuna nini. Antivirus inazimwa kwanza ndo ifanye kazi. Fikiria hio kidogo.

Kwa hivyo Linux. Lakini ipi?

Linux yenyewe, ile Linus Torvalds alitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, ni kerneli tu. Ichukue kama chasis ya Isuzu. Inatoka kiwandani ikiwa mifupa na injini, fundi wa bodi anaijenga, msee wa graffiti anaipiga rangi, sacco inaipea ruti na dere, alafu unakuta nganya mbili zinachukiana kwa steji na huko chini zote ni chasis moja. Distro ndo bodi pamoja na sacco. Watu wamechukua kerneli, wakaongeza vyombo vya GNU zile Richard Stallman alianzisha 1983, wakachagua programu, wakaseti njia ya kuleta apdeti, wakaweka jina na logo. Graffiti nayo ni GNOME, KDE, Cinnamon, Xfce, ile sura unakutana nayo ukiwasha. Na graffiti inabadilishwa. Unaweza weka KDE kwa Debian, Xfce kwa Fedora, Cinnamon kwa Arch, na hakuna mtu atakushika. Msee akikuambia Mint ni noma ju inafanana na Windows, amekusifia rangi. Bado hajabonga kuhusu sacco.

Kama injini ni moja na rangi inabadilika, kenye unachagua kwa ukweli ni kalenda. Kila distro iko na ratiba ya kuleta vitu mpya, na hio ratiba ndo itakula data yako, ndo itaamua kama mashine itawaka ile asubuhi ya presentation. Wale wasee wa YouTube wenye hulinganisha distro kila wiki wako kwa keja ziko na fiber, hawahesabu GB. Wewe uko na bando ya masaa ishirini na nne, na imebaki masaa mawili. Hio hesabu yao haikuhusu.

Anza na kuidaunlodi tu. Faili ya Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6. Mint iko chini ya GB 3. Fedora ni GB 2 na kitu, Arch ni moja na kitu, na ile ndogo ya Debian, yenye inakuja na msingi tu alafu inavuta zingine kwa net ikiendelea kujiseti, haifiki GB 1. Hapo tu msee wa bando ashaanza kuchagua, hata kabla ya kuona logo. Lakini hio unalipa mara moja, na unaweza toa kwa flashi ya beste ukalipa sufuri. Ratiba ndo unalipa kila mwezi.

Ubuntu ndo jina kila mtu anajua, na iko na stori tamu. Mwenye aliianzisha ni Mark Shuttleworth, jamaa wa Afrika Kusini. 1999 aliuzia VeriSign kampuni yake ya Thawte kwa dola milioni 575, 2002 akajilipia akaenda anga za juu na roketi ya Warusi, akarudi, na Oktoba 2004 Ubuntu ya kwanza ikatoka. Alafu wakafanya kitu hakuna kampuni ingefanya leo: ukijaza jina na anwani ya posta, wanakutumia CD hadi kwako, dezo, stempu wamelipa wao. Hio ilienda hadi 2011. Kama uko na uncle alisoma komputa enzi za modemu, muulize, pengine bado iko kwa droo. Mwaka huo huo wa 2004, hapo Dar, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu iko kwa Kiswahili. Watu husahau hio, na ilikua kitu kali.

Kalenda ya Ubuntu ni rahisi kushika. Toleo linatoka kila Aprili na kila Oktoba. Ile ya Aprili ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, 2022, 2024 hivo, inaitwa LTS na inalindwa miaka mitano. Zile za katikati hulindwa miezi tisa tu. Ukiwa huna Wi-Fi ya kudumu, usiguse za katikati. Ni mtego wa watu wanapenda namba mpya.

Kenye kilileta ngori ni snap. Canonical, kampuni ya Shuttleworth, ilitengeneza njia yake ya kufunga programu, kila moja inakuja na mizigo yake yote ndani, na duka la kuzitoa ni lao peke yao. Siku hizi hata Firefox kwa Ubuntu ni snap. Ukiwasha mashine ya zamani, kuifungua mara ya kwanza unaweza enda kuteka maji urudi. Na kwa msee wa data hapa ndo kuna moto: hio mashine ya snap, vile imesetiwa, inaangalia apdeti mara nne kwa siku na kuzivuta bila kukuuliza. Umenunua bando ndo utume kazi ya mdosi, umeshare hotspot, na kuna kitu huko nyuma inakunywa pole pole. Inazuilika. Kuna amri ya kuishikilia, `sudo snap refresh --hold`, lakini mtu amehama Windows jana ataijulia wapi?

Wasee wa Mint walijam na hio kitu wazi wazi. Mint ni mradi ulianzishwa 2006 na Clement Lefebvre, na inajengwa juu ya Ubuntu LTS, kumaanisha inakula jasho la Canonical kila siku. Lakini 2020, na Mint 20, walifunga mlango: snap haiingii hadi wewe mwenyewe uifungue. Wakasema hawataki duka linalomilikiwa na mtu mmoja liingie kwa mashine ya mtu kisirisiri. Mi naona walikua na haki. Pia walijipangia pa kukimbilia, LMDE, Mint yenye inajengwa moja kwa moja juu ya Debian, ndo siku Ubuntu ikipotea ama ikiharibika wao bado wako kwa barabara.

Mint ukiuliza mimi ndo jibu la watu wengi hapa mtaani, na sababu si ile menyu yake ya kona. Toleo jipya kubwa linakuja kila miaka miwili. Mint 22 ya 2024 italindwa hadi 2029. Katikati, kale kadude ka apdeti kanakuonyesha orodha na ukubwa wa kila kitu, unaweka tiki kwa za usalama leo, zingine ungoje hadi uende kwa Wi-Fi ya chuo. Na inakuja na Timeshift ndani, inapiga picha ya hali ya mfumo ndo kitu ikivurugika urudi jana. Hii ya Timeshift shika vizuri, ju kwetu stima hupoteanga. Inaweza potea hapo katikati ya apdeti, betri ya ex-UK ikiwa na uhai wa dakika kumi, na mashine ikiwaka inakuangalia tu. Mara mingi `sudo dpkg --configure -a` inaifufua, inamalizia penye ilikatikia. Ikikataa, unarudi kwa picha ya Timeshift, unaendelea na maisha. Ukiwa na RAM ya GB 4 chukua ile ya Xfce. Ukiwa na 8, Cinnamon itakubamba.

Debian ndo babu ya hawa wote wawili. Ian Murdock aliianzisha 1993, na hadi leo haina mdosi wala mwenye hisa. Ni wasee wa kujitolea, wako na katiba, na kila mwaka wanapiga kura kuchagua kiongozi wa mradi. Wanagombana kwa barua, wanapiga kura, wanaendelea na wera. Matoleo yao yote wanayaita majina ya vikaragosi vya Toy Story. Bookworm ilitoka Juni 2023, Trixie Agosti 2025. Ratiba ni miaka miwili hivi, na katikati hakuna kitu inasonga isipokua viraka vya usalama. Kwa data hii ndo rahisi kuliko zote, unaweza kaa wiki mbili ukiapdeti kitu hakifiki picha chache za WhatsApp.

Bei yake ni programu za kitambo. LibreOffice utakayopata ni ya siku Debian ilifungwa, na utakaa nayo miaka miwili. Mdem wa design mwenye anataka kila kitu cha jana usiku atasumbuka. Lakini mashine ya mathe huko ocha, ama kompi za cyber zenye zinaprint fomu tu, weka Debian usahau. Ile sifa mbaya ya zamani, ati ukiiweka Wi-Fi inakataa, ilikua ya ukweli. Walikua wanakataa kuweka firmware za makampuni kwa diski yao, msimamo wa kanuni. 2022 wakapiga kura, na kuanzia Bookworm firmware inakuja ndani. Msee bado anakutisha na hio stori, mwambie kalenda imesonga.

Fedora ni sacco ya watu wa haraka. Ilianza 2003 chini ya Red Hat, na Red Hat yenyewe ilinunuliwa na IBM 2019 kwa dola bilioni 34, kwa hivyo doh haikosi. Teknolojia mpya kwanza hupitianga hapo: Wayland ya skrini walifanya ya kawaida 2016, PipeWire ya sauti 2021, wengine wakafuata. Torvalds mwenyewe amesema ndo hutumianga. Lakini toleo ni kila miezi sita na kila moja inalindwa miezi kama kumi na tatu, kumaanisha kila mwaka lazima uhame, na kila kuhama ni GB kadhaa. Tena ukifika unakuta video zingine hazichezi ju ya mambo ya hati miliki, hadi uongeze hazina ya RPM Fusion. Kama wewe ni wa kucode, uko na net ya ofisi, mashine ni ya juzi juzi, Fedora itakupendeza kuliko zote nimetaja. Kama unaishi kwa bando, achana nayo.

Sasa Arch, ile ya chali wa hudi.

Nimeskia watu wakiichekelea ati ni ya kujionyesha. Si ukweli, ama si ukweli wote. Judd Vinet wa Canada aliitoa 2002, na wazo lake ni safi: tunakupea msingi, uweke unachotaka, hatukuwekei kitu hujaomba. Kwa mashine ya RAM kidogo hio ni utamu. Haina matoleo kabisa, ni mto unapita. Programu ikitoka leo, wiki hii uko nayo. Na maelezo yao yaliyoandikwa, Arch Wiki, ni mazuri hadi wasee wa Ubuntu na Debian huibia majibu huko. Hata ukikosa kuitumia, soma hio kitu.

Ngori ni mto haungojei mtu. Ukiiapdeti kila siku chache, data inaenda, kila mara MB mia kadhaa, kerneli mpya, Firefox mpya, kila kitu mpya. Ukisema uhifadhi data ukae miezi mitatu, ama uende ocha Desemba na net ni ya kutafuta kwa mti wa embe, ukirudi ukiapdeti inakushow sahihi za vifurushi haziaminiki. Lazima kwanza uapdeti zile funguo zao, `archlinux-keyring`, ndo zingine zifuate. Si mwisho wa dunia, mtu anayejua anamaliza kabla chai ipoe. Mtu hajui anabaki na mashine nusu mpya nusu ya kitambo, na deadline. Arch ni ya msee ako na Wi-Fi na ako na muda. Kwa chuo, mwaka wa pili, keja ya hosteli, iweke kabisa, utajua kompyuta kuliko odijo wako.

Zingine napita mbio. Zorin, ya kutoka Dublin, imejengwa juu ya Ubuntu na imepigwa pasi ndo msee wa Windows asishtuke. Hao jamaa walitoa Zorin 18 siku ile ile Windows 10 ilizikwa, ujanja wa biashara nimewavulia kofia. Pop!_OS ni ya System76, watu wa kuuza mashine huko Denver. openSUSE ni ya Wajerumani na iko fiti sana, shida ni kupata beste wa karibu mwenye anaijua. 2009 mtu alitengeneza hata Hannah Montana Linux, pinki yote, na iliwaka. Hio ndo uhuru wenyewe, sitacheka sana.

Kabla uamue, bonga ukweli na wera yako, ju hapa hakuna distro itakuokoa. Photoshop na Premiere hazina toleo la Linux, za distro yoyote. EA FC kwa PC haikubali, ile programu yao ya kuzuia udanganyifu inakataa Linux, pia Valorant na Fortnite, hata kama Steam na Proton zimefanya michezo mingine mingi iwake. Ukiwa mtu wa kuedit video, DaVinci Resolve iko, lakini ile ya bure kwa Linux haisomi H.264, na H.264 ndo simu yako huchukua. Lazima ubadilishe faili kwanza, ama utumie Kdenlive. Producer wa FL Studio atacheza na Wine, ile ya kuwasha programu za Windows kwa Linux, hadi achoke. Reaper nayo iko na toleo la Linux lenyewe. Kwa CV, barua, na hesabu za chama, LibreOffice inatosha, ila tuma PDF, ju Word ya HR ikifungua faili yako mistari huhama.

Kama bado uko njia panda, toa flashi ya GB 16 ama 32, weka Ventoy, alafu dondosha faili za Mint, Debian na Fedora zote hapo. Kwa Debian chukua ile ya live, ju ile ndogo haina kitu ya kujaribu. Unawasha mashine kwa flashi, unachagua, inawaka bila kugusa diski. Cheki Wi-Fi kwanza, hasa kama kadi ni ya Broadcom, hizo husumbua. Cheki sauti, kamera, na kama inalala ukifunga kifuniko na kuamka ukifungua. Yenye imepita hizo ndo inaingia kwa orodha. Picha za familia na project za chuo zitoe kwa diski kwanza, si kesho, ju hio sehemu ya kugawa diski ikikuuliza kama ufute kila kitu, haitanii. Na ukiuziwa mashine na msee akagoma kukupa paswedi ya BIOS, usilipe. Bila hio hutaweza kubadilisha mpangilio wa kuwasha, na hizo distro zote nimetaja utaziskia tu kwa base.